Dawa Uliyoifukia Chini ya Migomba

Mwanangu Kwamboka,

Umeenda Nyamira kumuaga bibi yako na hutarudi mpaka jioni. Baba yako naye ametoka kwenda Keroka kwa rafiki yake fundi wa nguo, kama siku zote. Sanduku lako limeshafungwa, liko hapa mlangoni, na kila nikipita kwenda jikoni linanigonga mguu. Kesho asubuhi utaanza safari ya Lodwar, kwenye kazi yako mpya. Sitakuandikia habari za joto la huko, wala maji ya kunywa, wala mlango wa nyumba utakayopanga. Una miaka ishirini na mitatu na wewe ni muuguzi. Mambo hayo unayajua kunishinda.

Nataka kujibu jambo uliloniambia Jumapili.

Tulikuwa jikoni, wewe unakunja sare zako mezani, mimi nachambua mboga. Ukasema bila kuniangalia, "Mama, vidole vya tata niliviharibu mimi." Nikakuuliza una maana gani kuhusu vidole vya baba yako. Ndipo ukanieleza kwamba ulipokuwa na miaka kumi, baba yako alikuwa akikupa tyubu ya dawa yake ya ngozi asubuhi kabla hujaenda shule. Ulikuwa unakamua kiasi cha urefu wa kidole, unakifukia kwenye majivu chini ya migomba nyuma ya choo, kisha unairudisha tyubu kabatini ili mimi nikiishika jioni niione imepungua. Ukasema uliifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima. Ukasema walipokuuliza chuoni kwa nini unataka kliniki ya ngozi, uliwadanganya.

Nami nilikujibu nini? Nilikuambia ugali unaungua, nikageukia jiko. Sufuria haikuwa hata na maji. Uliiona, nikaona kwamba umeiona, ukaendelea kukunja nguo. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi ya uuguzi, na mtoto wangu mwenyewe aliponiletea jeraha lake nilijificha nyuma ya sufuria tupu.

Basi nisikilize sasa. Kwanza neno la muuguzi kwa muuguzi. Ile dawa ya kupaka ilikuwa ya ngozi. Isingefika kwenye viungo vya vidole hata kama angeipaka yote hadi tone la mwisho. Kitu ambacho kingeweza kumsaidia vidole ni vidonge, na vidonge vilikuja baadaye, wala wewe hukuvigusa. Hata daktari hawezi kuapa kwamba vingeviokoa. Lakini vilikuwa vimeanza kumsaidia, na vilikoma kwa sababu yangu. Habari hiyo huijui. Mimi na baba yako tulikuficha, kila mtu kwa aibu yake.

Nilimjua baba yako kwa sababu ya sare. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini katika hospitali moja kule Kisii mjini, na sare niliyopewa ilinikaa kama gunia. Mwenzangu mmoja akanielekeza kwa fundi wa Keroka, kwenye chumba kilichotazama barabara kuu, malori yakipita vioo vinatetemeka. Alinipima bila kunigusa, tepu ikining'inia kati ya vidole viwili. Nilipoivaa ile sare, matroni aliniuliza kama nimeinunua Nairobi. Nilirudi Keroka kumshukuru. Wiki iliyofuata nikarudi tena kutengeneza kifungo ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyekikata.

Alikuwa na vidole virefu, unavijua kwenye picha ya harusi. Na kwenye kila kiwiko alikuwa na baka gumu jeupe. Akaniambia ni kwa sababu ya kuegemea meza, nami nikaamini. Muuguzi mzima.

Ulikuwa darasa la pili ugonjwa ulipotoka wote nje. Magoti, mgongo, kichwani chini ya nywele. Magamba meupe juu ya ngozi nyekundu iliyopasuka. Daktari wa ngozi akatuambia ni soriasisi. Hauambukizi, akasema, hukurogwa, hukula kitu kibaya, na hautaisha. Utatulizwa kwa dawa, na dawa ni ya maisha. Baba yako aliuliza swali moja tu: "Ya maisha, maana yake hadi lini?" Daktari akacheka. Nami nikacheka pamoja na daktari. Baba yako alitazama kofia yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani alifumba macho.

Nilifikiri amechoka.

Nikaanza kumtibu kama nilivyojua kutibu. Nilichora jedwali, asubuhi na jioni, nikalibandika ndani ya mlango wa kabati. Nilimuuliza "Umepaka?" kabla ya chai na kabla ya kulala. Nilimuuliza mbele ya ndugu zake. Siku moja baada ya ibada, Sabato, tulikuwa na wageni sebuleni, wale wale waliokuwa wakiogopa kunywa chai kwenye kikombe chake, nami nikawaambia, "Huyu bila mimi angekuwa ameoza." Wakacheka. Nilidhani nimemtetea. Nilidhani wanacheka na sisi.

Yeye alijibu kila mara, "Nimepaka." Nilichukua tyubu nikaipima mkononi kama mtu anayenunua nyanya, nikaona kweli imepungua, nikaridhika. Lakini ngozi yake ilibaki vile vile. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilimwambia daktari aongeze dawa yenye nguvu zaidi. Ndiyo ile ya lami, iliyonuka kama barabara mpya. Bila shaka hiyo pia ililala kwenye majivu.

Kazini waliniita Sajini. Ulikuwa hujui? Wagonjwa waliniita hivyo, na wauguzi wadogo pia, nami nilijua, na lilinipendeza. Tulifundishwa hivyo na waliotutangulia, kwamba mgonjwa ukimlegezea kidogo ataacha dawa. Siku moja nilimkemea mama wa kisukari hadi akafuta machozi kwa leso ya mtoto wake, kisha nikaenda kwenye chumba cha chai nikawaambia wenzangu, leo nimeokoa mtu. Waliokuwa wakirudi kliniki niliwaona na nikajisifu. Wasiorudi, nani angewaona? Niliandika "amepotea" kwenye kitabu, nikafungua ukurasa mwingine. Mtu hajapotea. Yuko nyumbani kwake, anaumwa, na anaogopa mdomo wangu.

Ulipokuwa darasa la saba, baba yako alianza kuamka na vidole vigumu. Kucha zake zilitoboka vitundu kama subana, kile kikofia cha chuma cha kidole cha fundi, na kidole cha kati kikavimba chote, kutoka kwenye kiganja hadi kwenye ukucha. Daktari akasema ugonjwa ni ule ule, sasa umeingia kwenye viungo. Akampa vidonge vya kumeza siku moja tu kwa wiki, na akataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu vinaweza kuumiza ini. Alivimeza. Hivyo alivimeza kweli, najua kwa sababu kidole kilianza kunywea na akarudi kushika mkasi bila kukunja uso. Miezi minne. Mnamo Januari akakosa kliniki. Februari akakosa tena.

Sikumuuliza kwa nini. Januari ni mwezi wa sare za shule, hata mtoto mdogo wa Keroka angenijibu. Alikuwa anashona tangu alfajiri. Na vidonge vile alikuwa anavimeza Jumapili jioni, vinamchafua tumbo, Jumatatu nzima anatapika kwenye ndoo chini ya meza ya kukatia huku wateja wamesimama mlangoni. Haya niliyajua miaka mingi baadaye, na hakunieleza mimi.

Alikuja kliniki mwezi wa Machi. Ilikuwa zamu yangu mezani. Mabenchi yalijaa. Baba yako aliketi benchi la pili, karibu na mwalimu mmoja ambaye watoto wake wote walivaa sare alizoshona yeye. Faili lake likafika mkononi mwangu, nikalisoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo nilivyowasomea wote.

"Miezi miwili hukuja. Vipimo vya damu havipo. Vidonge vilikwenda wapi?"

Akasema kwa upole, "Tutaongea nyumbani."

"Hapa ndipo watu wanapojibu. Wengine wote wanajibu hapa." Kisha nikawageukia wale wa kwenye mabenchi. Kwamboka, hata sasa mkono unanikataa kuandika. Nikasema, "Mnamwona huyu? Ni mume wangu. Nalala naye kitanda kimoja na bado ananidanganya habari za dawa. Sasa nyinyi mtaniambia nini?"

Wakacheka. Wengi walicheka kwa woga, nadhani, lakini walicheka. Yule mwalimu hakucheka. Alisogea mbali kidogo na baba yako, akakung'uta mkono wa koti lake.

Baba yako alisimama. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, na kwa vidole vile ilimchukua muda, nasi sote tulimtazama mpaka akamaliza. Akasema, "Asante, Sista," kama mgonjwa yeyote anavyomwita muuguzi. Akatoka. Kadi yake ilibaki kwenye benchi.

Tangu siku hiyo hajaniita Mama Kwamboka. Wewe ulikua ukimsikia akisema, "Sista, kuna chai?" ukadhani ni utani wa wazazi wako. Ulipokuwa kidato cha pili uliwaigizia rafiki zako, mkacheka sana, nami nikacheka nanyi. Hakuwa anatania.

Hakurudi tena kwenye hospitali ile. Vidonge vikaisha, hakuomba vingine. Na mimi sikuomba radhi. Nilingoja aone makosa yake. Niliona kwamba nimesema ukweli, na mtu aliyesema ukweli aombe radhi ya nini?

Usidhani kwamba barua hii ni ya kujipiga tu. Nina hasira na baba yako pia, na sasa nimeongezewa nyingine. Mtu mzima anampa mtoto wa miaka kumi siri ya kumficha mama yake, kisha anamwacha akue nayo mpaka mtoto anaamini amemlemaza baba yake. Angeweza kuniambia dawa inamsumbua. Angeweza kunigombeza, kupiga meza, kuitupa tyubu mbele yangu. Alinyamaza, kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi, na akakutumia wewe. Tangu Jumapili namtazama akinywa chai na ninashindwa kummiminia kikombe cha pili. Siku moja nitamwambia. Sijui kama nitamwambia vizuri.

Nirudi kwenye habari. Miezi michache baada ya siku ile ya kliniki, ngozi yake ilianza kusafika. Viwiko, magoti, hata mgongo. Nikafurahi. Nikamwambia, "Unaona sasa? Ukisikia ninachosema?" Kumbe alikuwa ananunua krimu kwa mtu mmoja sokoni Masimba, kwenye kopo lisilo na karatasi wala jina. Mtu yule hakuwa akimuuliza kitu chochote, alimuuzia na kumtakia siku njema. Ile krimu ilikuwa na dawa kali ndani yake, ya aina ile ambayo ukiipaka mwili mzima kwa miezi kisha ukaiacha ghafla, ngozi inakurudia kwa hasira. Siku moja yule muuzaji akahama. Kwa wiki mbili baba yako alikuwa mwekundu kutoka utosini hadi nyayoni. Alitetemeka kwa baridi juani mchana. Shuka nikiinua asubuhi, ngozi inabaki kwenye shuka.

Ulikuwa kidato cha kwanza, bwenini. Tulikuambia ni malaria.

Alilazwa wiki tatu, katika hospitali nyingine, kwa sababu alikataa kupelekwa kwangu. Alipona ngozi kiasi. Lakini vidole havikungoja. Kidole cha kati kilikauka kikiwa kimepinda, kisha cha pembeni, kisha mkono wa kushoto. Mkasi ukamshinda, halafu sindano, mwisho hata kusukuma kitambaa chini ya mguu wa cherehani. Siku alipouza cherehani nilikuwa kazini. Alinieleza jioni kwa sauti ambayo watu hutumia kusema mvua imenyesha Nyamira. Nikasema, "Sawa." Maneno mengine niliyokuwa nayo yote yalianza na "Nilikuambia," na angalau hayo niliyameza.

Kliniki ya Nyamira unaijua, lakini hujui siku ya kwanza ilivyokuwa. Ndugu yake ndiye aliyemshawishi, nami nikamsindikiza nikiwa nimebeba faili lote la zamani, nimelipanga kwa miaka. Tulimkuta kijana mmoja, afisa wa kliniki, mwenye umri ambao angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nikaanza kumweleza historia ya mgonjwa. Alinisikiliza kidogo, kisha akasema kwa heshima, "Mama, naomba utungoje hapo nje."

Mimi, nje. Nikaketi kwenye benchi na faili langu mapajani, kati ya wagonjwa. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, nikasikia kila kitu.

"Mzee, sitakuuliza kama ulikuwa unatumia dawa," yule kijana alisema. "Niambie tu ilikuwa inakusumbua wapi."

Basi baba yako akaanza kuongea, na akaongea muda mrefu kuliko alivyoongea na mimi mwaka ule mzima. Alieleza habari za mama mmoja wa Mosocho aliyekuja hadi Keroka kwa sababu ya sifa zake, akitaka gauni jeupe la harusi ya binti yake. Baba yako alikuwa amepaka dawa asubuhi kama mkewe alivyotaka. Gauni lilipokamilika likawa na doa la mafuta kifuani, mahali mkono wake ulipolala wakati wa kushona. Alilifua mara tatu, doa halikutoka. Ilibidi anunue kitambaa kingine na kushona upya siku mbili bila kulala, na yule mama hakumletea kazi tena.

"Magamba yakianguka kwenye nguo unayapuliza," alisema. "Mafuta hayatoki."

"Kwa hiyo ukachagua nguo."

"Nilichagua kazi. Wewe ungechagua nini?"

"Kazi," yule kijana akasema, na wote wawili wakacheka. Baba yako alicheka, Kwamboka, kwenye chumba cha mtu mgeni, upande wa pili wa ubao.

Baada ya hapo mambo yalikuwa madogo hata unaona aibu. Dawa ya kupaka ikawa ya jioni tu, akishaoga, na shati kuukuu la mikono mirefu la kulalia. Ya lami ikaachwa kabisa. Vidonge vikahamishwa Ijumaa jioni ili kichefuchefu kimkute Jumamosi, siku ya Sabato, anapopumzika, na akapewa kingine cha kupunguza kutapika. Ningeweza kuyafikiria yote hayo mimi mwenyewe, kwa dakika kumi, kama ningekuwa na habari. Na huenda yangeiokoa kazi yake. Yalifika wakati cherehani ilishauzwa.

Ni miaka mitatu sasa na hajaacha. Akiruka wiki, anamwandikia yule kijana kwenye simu. Niliusoma ujumbe mmoja, simu ikiwa mezani, Mungu anisamehe. Baba yako aliandika, "Wiki hii nimeruka, nilikuwa matangani." Yule akajibu, "Asante kwa kuniambia, mzee. Tuendelee Ijumaa." Basi. Nilisimama pale nikiusoma mara ya pili na ya tatu, nikatafuta mahali alipomkemea.

Huko Lodwar utakutana na wagonjwa wa namna hiyo. Watakuambia "nimepaka" huku ngozi yao inakuambia kitu kingine. Sikuambii uwe mpole. Wapole pia hudanganywa. Ninakuambia nilichokosa mimi, ukitumie au ukiache. Nilijua dawa ya mume wangu, jina lake, kipimo chake, saa zake. Sikujua siku yake. Sikujua anagusa nini kwa mikono ile tangu anapofungua duka hadi anapolifunga, na nilikuwa navaa nguo zilizotoka kwenye mikono hiyo. Na mtu akija kliniki baada ya kupotea miezi sita, kumbuka kwamba ametembea na aibu yake njia nzima. Usimwongezee nyingine mlangoni.

Kingine siwezi kukufundisha. Sikuwahi kujua kukifanya.

Kuhusu mgongo wa tata. Mwaka huu mzima ulipokuwa nyumbani ukingoja kazi, wewe ndiye uliyempaka pale mikono yake isipofika. Kila jioni nilikuwa sebuleni nikiwasikia mkiongea huko ndani. Nilikuwa naongeza sauti ya redio. Najua umelala vibaya siku hizi ukifikiri nani atampaka. Usifute safari, na usimpigie simu kumwomba aniruhusu. Akiniruhusu kwa sababu umemwomba, itakuwa ni dawa nyingine ambayo mtu mwingine amemwamulia.

Juzi nilimwambia mwenyewe. "Kwamboka akienda, mgongo nitakupaka mimi." Akasema, "Hapana." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeulizwa kama ataongezewa sukari.

Leo asubuhi, ulipokuwa umeshaondoka, nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi juu ya ndoo. Alikuwa na fimbo nyembamba mapajani, ameivingirishia kitambaa kwenye ncha, anajaribu kuifunga kwa uzi. Vidole vilikataa. Akashika ncha ya uzi kwa meno, akavuta, fundo likateleza, akaanza upya. Aliponiona hakuificha. Akaiinua juu ya bega, akaipitisha mgongoni juu ya shati, kupima kama inafika.

Nilikuwa na mambo matatu mdomoni. Kwamba fimbo haitafika katikati. Kwamba kitambaa kitakunywa dawa yote. Kwamba mkono wangu upo. Nilisimama pale na ndoo ya maji mpaka yote matatu yakapita.

Nikamuuliza, "Hicho kitambaa kinakukwaruza?"

Alifikiri. Nadhani alikuwa anasikiliza kama kuna swali lingine limejificha nyuma ya hilo.

"Kinakwaruza," akasema.

Nikangoja.

"Kama kuna flana," akasema, "hiyo ingefaa."

Nikaingia ndani nikachana shati langu la kulalia, lile la flana ya bluu, nikamletea kipande. Alikipokea, akakisugua kwa kidole gumba mbele na nyuma kama alivyokuwa akisugua vitambaa vya wateja. Akaitikia kwa kichwa kwamba kinafaa. Halafu akachukua fimbo yake na uzi na tyubu ya dawa, akaingia chumbani kuijaribu, na nikasikia komeo la mlango likisukumwa.

Vidole vyake hukuviharibu wewe, mwanangu. Nenda kazini.

Mimi mama yako,
Bosibori